Kaunta buku la mama mmoja: miezi kumi ya kunyanyua chuma kizito Dodoma

Kaunta buku lenyewe lina jalada gumu, la aina inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya shule. Kurasa sita za mwanzo ni mahesabu ya kikoba: nani ametoa hisa, nani amekopa, nani anadaiwa faini. Kuanzia ukurasa wa saba mwandiko ni uleule ila safu zimebadilika. Sasa kuna tarehe, zoezi, kilo, mara ngapi, na pembeni kabisa nafasi nyembamba ya maneno. Mwenye daftari nimemfundisha kunyanyua vyuma kwa miezi kumi hapa Dodoma. Ameniruhusu kulisoma lote na kuandika kisa chake, jina akaomba niliache.

Nimeamua kukiandika kwa sababu ya jambo moja ambalo mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu ya kufundisha, nilichelewa kuliona. Mwanamke anayeanza kunyanyua vitu vizito atakwama, hilo halina mjadala. Zoezi moja likikwama peke yake huku mengine yanapanda, tatizo litafute kwenye zoezi hilohilo. Mazoezi yote yakianza kushuka kwa pamoja, toka nje ya jimu ukatafute huko. Daftari lake lilinionyesha yote mawili, na kwenye lile la pili nilipoteza wiki nne ambazo hazikuwa zangu za kupoteza.

Alivyokuja

Alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili kasoro jioni, bado na nguo za ofisini. Umri miaka 34, urefu sentimita 161, uzito kilo 68. Anafanya kazi masijala kwenye wizara mojawapo kule Mji wa Serikali, Mtumba, na anaishi Nzuguni na mume na watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Kabla ya hapo alikuwa amehudhuria jimu nyingine kwa miezi minane. Huko alipewa dambeli za kilo mbili, mashine ya kukimbilia dakika arobaini, na mazoezi ya tumbo mia moja kila siku. Kwa miezi yote minane zile dambeli zilibaki kilo mbili.

Nilimuuliza anataka nini, nikitegemea jibu ninalolisikia kila wiki, kukata tumbo. Akasema, "Kocha, nataka nibebe mtungi wa gesi mwenyewe." Gesi ilikuwa imeisha usiku, mume yuko safari, bodaboda akauteremsha mtungi getini na kuondoka. Akajaribu kuunyanyua, kiuno kikakataa. Ikabidi amwamshe kijana wa jirani. Mtungi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, kwa sababu chuma chake peke yake kina uzito unaokaribia wa gesi iliyomo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba amekulia Mvumi, na alipokuwa darasa la sita alikuwa anabeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani, asubuhi na jioni.

Nikampeleka kwenye baa yetu ndogo, ile fimbo ndefu ya chuma inayovishwa pleti, yaani sahani za uzito, kila upande. Ina kilo 15, nimeipima kwa mkono wangu. Ndiyo kilo ya baa ya wanawake kwenye mashindano ya kunyanyua vitu vizito, unene wake milimita 25, wakati ya wanaume ni kilo 20 na milimita 28. Wanawake walianza mashindano yao ya dunia mwaka 1987 na kuingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, lakini kwenye jimu nyingi za mitaani baa bado inaonekana kama mali ya wanaume waliovimba mabega. Nikamwambia, mdogo wangu, hii ni nyepesi kuliko ndoo yako ya darasa la sita. Akaiangalia muda, akavua viatu vya ofisi, akabaki na soksi.

Wiki za mwanzo

Programu tuliyoanza nayo ni ya kawaida kwa mtu mpya: siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila siku anachuchumaa na baa mgongoni, seti tatu za mara tano, yaani anarudia mara tano, anapumzika, kisha tena mpaka zitimie awamu tatu. Siku moja anasukuma baa juu ya kichwa, siku inayofuata anasukuma akiwa amelala kwenye benchi. Mwisho anafanya dedilifti, yaani kuokota chuma sakafuni mpaka usimame wima, seti moja tu ya mara tano. Haizidi saa moja. Mtu mpya hahitaji mazoezi kumi na tano. Anahitaji machache, arudie yaleyale, na kilo ziongezeke kidogo kila anapoweza.

Kwenye kuchuchumaa aliingia na khanga. Aliiviringisha kwenye baa isimuumize shingo, na wazo lake lilikuwa na mantiki, kwani nani anabeba ndoo bila kata? Tatizo ni kwamba khanga inateleza, na baa inayoteleza mgongoni ni hatari kuliko inayobana. Nikamwambia abane makombe ya mabega nyuma, aone misuli inavyojikusanya chini ya shingo na kufanya kama rafu. Baa ikae hapo, chini ya ule mfupa unaochomoza shingoni. Akabana, akaweka, akasema, "Kumbe kata ninayo mwilini." Khanga ikarudi kwenye mkoba.

Pumzi nayo aliijua tayari. Mtazame mama anapojitwisha ndoo nzito: anavuta hewa, anaibana tumboni, anatoa ile "hm!" ndogo ndipo ndoo inapanda. Hewa iliyobanwa inalifanya tumbo kuwa gumu pande zote na kuushika uti wa mgongo. Ndicho tunachofundisha chini ya chuma, hakuna siri nyingine.

Dedilifti ndiyo iliyotuchukua muda. Siku ya kwanza alipoinamia baa mgongo ulipinda kama upinde, na kila nilipomwambia "nyoosha mgongo" alikuwa anachuchumaa tu. Nikaacha maneno ya jimu. Nikampa fimbo ya fagio, nikamwambia, inama kama unapalilia karanga. Akaiweka fimbo chini, akasogeza makalio nyuma, magoti akayalegeza kidogo, na mgongo ukalala kama meza, kuanzia kiunoni mpaka kisogoni. Niliona macho yake yakibadilika. Miaka kumi ya kukaa kwenye kiti cha masijala ilikuwa imemsahaulisha mkao alioujua tangu utotoni. Toka siku hiyo kabla ya kila seti ya dedilifti anajisemea polepole, "karanga."

Kulikuwa na kosa la vifaa pia. Pleti kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo baa inakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni, katikati ya muundi. Pleti zetu za chuma za kilo 10 ni ndogo sana kuliko hizo, na baa inakaribia vifundo vya miguu. Hata mtu mwenye mkao mzuri atapinda akifuata chuma kilichoko chini hivyo. Nilipanga vipande vya mbao za mbili kwa nne chini ya pleti, nikapima kwa futi ya fundi mpaka baa ikafika kwenye sentimita 22. Vipande vile bado viko kwenye kona ya jimu. Ukifanya mazoezi mahali penye pleti ndogo, dai mbao. Mgongo wako una haki hiyo.

Na kabla ya kilo kuwa kubwa nilimfundisha kushindwa. Stendi yetu ina vyuma viwili vya kuzuia pembeni. Tulivipanga chini kidogo ya urefu anaofika akichuchumaa, nikamwambia ashuke na baa tupu, ajifanye ameshindwa, aiache ikae pale na yeye atoke kwa mbele. Alirudia mara sita. Mtu asiyejua kuacha chuma ataogopa kila kilo mpya, na woga humfanya mtu alegee akiwa katikati ya zoezi, pale ambapo hatakiwi kulegea.

Mpaka wiki ya sita alikuwa anachuchumaa na kilo 45 na dedilifti yake ni 55, wakati mzani wa mwili umesogea kwa nusu kilo tu. Wanaosema "utakuwa baunsa" hawajui kwamba nguvu za wiki za mwanzo hazitokani na misuli kukua. Mishipa ya fahamu inajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli ileile, na kuziita kwa wakati mmoja. Kukua kunakuja baadaye, tena taratibu, kwa sababu homoni ya testosteroni inayowajaza wanaume vifua, mwanamke anayo chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanaume. Wanawake wenye miili mikubwa ya mashindano wameifanyia kazi miaka mingi, na baadhi wamesaidiwa na madawa. Huwezi kuamka asubuhi ukaikuta imekujia kwa bahati mbaya.

Mstari wa kwanza kukwama: mabega

Sasa fungua daftari kwenye mwezi wa tatu. Kuchuchumaa kunapanda, dedilifti inapanda, benchi inapanda. Kusukuma juu kumesimama. Kilo 15, sawa. Kilo 20, sawa. Kilo 25: mara tatu, mara mbili, mara mbili. Siku nyingine tena 25: mbili, mbili, moja. Pembeni ameandika, "Mikono yangu mibovu."

Mikono haikuwa mibovu. Pleti zetu ndogo kabisa zilikuwa za kilo mbili na nusu, na pleti huwekwa mbilimbili, moja kila upande, kwa hiyo nyongeza ndogo kabisa ilikuwa kilo tano. Kutoka 40 kwenda 45 kwenye kuchuchumaa ni nyongeza ya asilimia 12 na nusu, tena inabebwa na mapaja na makalio, misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Kutoka 20 kwenda 25 juu ya kichwa ni asilimia 25, na inabebwa na mabega na mikono. Hakuna mtu ungemwongezea robo nzima ya mzigo kwa siku moja ukategemea aubebe. Wanawake ndio wanaoumia zaidi na jambo hili kwa sababu wanaanzia na kilo chache, na jimu nyingi zimenunua pleti kwa kumfikiria mwanaume anayeanzia 40.

Hapo ndipo wengi wanaambiwa warudi kwenye dambeli za kilo mbili. Sisi tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti. Kwenye lundo la vipande vya bamba alichagua nene, akakata vinane vya kufanana na kuvitoboa katikati. Kupima, tukaenda navyo soko la Majengo, kwa mama anayeuza dagaa kwa mzani. Kipande cha kwanza kilisoma gramu 540, cha pili 530. Tukarudi kwa fundi, akavikwangua kwa grainda mpaka vyote vikafika 500. Yule mama wa dagaa alituuliza ni vya kazi gani. Mteja wangu akamjibu, "Vya kunyanyulia, mama, vinaongezwa kidogo kidogo." Mama akasema, "Kama mtaji," akaendelea kufunga mafungu yake.

Kwa vipande viwili anaongeza kilo moja. Kwenye daftari unaona 21, 22, 23, 24, na wiki ya kumi na moja, 25: tano, tano, tano. Kilo ileile iliyoonekana ukuta. Baadaye fundi alitukatia na vya kilo moja na robo, ili kuchuchumaa nako kupande kwa kilo mbili na nusu badala ya tano.

Mstari wa pili: dedilifti yenye mapengo

Hili niliandike polepole, kwa kuwa ndilo wanawake wanalolificha zaidi.

Mwezi wa nne mstari wa dedilifti una mapengo. Jumatatu: "kichwa." Ijumaa: "nimewahi kuondoka." Jumatatu inayofuata: "tumbo." Siku hizohizo amechuchumaa vizuri na kusukuma vizuri. Mtu mwenye kichwa kinachouma hachuchumai na kilo 50. Nilimsubiri mpaka wenzake wametoka, nikamuuliza taratibu kama dedilifti inamuuma mahali. Akakaa kimya, akaanza kukunja taulo lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba akifika kilo 65 mkojo unapenya. Amekuwa akivaa pedi kila siku ya mazoezi, na alidhani ni adhabu ya kuzaa.

Nyonga ina misuli inayoshikilia kibofu na kizazi kwa chini, kama machela. Mimba na uzazi huilegeza, na hewa inayobanwa tumboni wakati wa kunyanyua husukuma juu na chini pia. Machela isipojikaza kwa wakati, mkojo unapenya. Linawapata wanawake wengi waliozaa, hata wengine ambao hawajazaa. Lakini kuwa la kawaida si sababu ya kuliacha, maana misuli ile hufundishika kama misuli mingine. Tulishusha dedilifti mpaka 50. Badala ya kubana hewa mpaka mwisho, alianza kuitoa taratibu baa inapopita magotini. Nyumbani alifanya mazoezi ya kubana kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, anahesabu mpaka nane, analegeza kabisa, mara kumi, asubuhi na jioni. Nikamwambia pia kwamba tukimaliza wiki sita bila nafuu, au akihisi uzito kama kitu kinashuka ukeni, ataenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na mimi sitajifanya ninaujua ujuzi wake. Wiki ya tano pedi ikabaki kwenye mkoba. Kilo 65 zilirudi mwishoni mwa mwezi wa tano, safari hii kavu.

Tangu hapo kila mwanamke anayeanza kwangu namuuliza swali hilo wiki ya kwanza, kwa maneno ya wazi, tukiwa wawili tu.

Habari zilimfikia mama mkwe wake, akaja kutoka kijijini. Alisalimia kila mtu jimu, "Mbukwenyi," akakaa kwenye benchi na kutazama. Hofu yake ilikuwa kizazi: mwanamke akibeba chuma, kizazi si kitashuka? Sikumdharau, kwa sababu hofu hiyo imetoka kwa wanawake waliotwishwa mizigo siku chache baada ya kujifungua, bila kupumzika, bila chakula. Nilimweleza tofauti: mzigo huu unapimwa, unaongezwa kidogo, na aliyejifungua hauanzi mpaka mwili umepona na ameonwa na mhudumu wa afya. Nikamweleza pia jambo linalomhusu yeye zaidi ya mkwewe. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha majaribio ya wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua uzito. Walinyanyua vyuma vizito kwa usimamizi mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, kwa miezi minane, na mifupa ya kiuno chao ikaongezeka uzito. Mazoezi yao makuu yalikuwa hayahaya: dedilifti, kuchuchumaa, kusukuma juu. Mama mkwe akaomba ashike baa. Aliinyanyua kutoka kwenye mbao na mgongo ulionyooka kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, akairudisha, akasema, "Ni debe tu hili."

Mistari yote kwa pamoja

Mwezi wa sita. Kuchuchumaa kumefika 60, kusukuma juu 28, dedilifti 80. Tulikuwa tunafurahi. Kisha Jumatatu moja 60 inakwama mara ya tatu. Jumatano 55 inamlemea. Dedilifti ya 80 haitoki sakafuni, tunashusha 75, kisha 70. Kusukuma juu kunarudi 25. Pembeni ya ukurasa: "nimechoka," "nimechoka," "moyo unadunda."

Nilikuwa na maelezo tayari, na yote yaliingia akilini kirahisi. Ni mwisho wa mwaka wa fedha, masijala wanatoka saa mbili usiku. Ni Juni, upepo wa Dodoma unakausha koo na baridi inamnyima mtu usingizi. Na chakula chake tulishakijadili: alipokuja alikuwa anaanza siku kwa chai na maandazi mawili. Tulikuwa tumemjengea sahani inayomfikisha karibu gramu 100 za protini kwa siku: mayai mawili asubuhi, kikombe cha maharage mchana, konzi ya dagaa, glasi ya maziwa, karanga kwenye mlenda, na kipande cha kuku jioni. Nikadhani ameacha. Nikamwambia, kwa ukali ambao leo naujutia, alale mapema na ale. Akaitikia, "Sawa kocha." Nikampa wiki nzima ya kupumzika.

Mtu aliyechoka kwa mazoezi, ukimpa wiki ya kupumzika na chakula, anarudi ana nguvu. Yeye alirudi dhaifu zaidi. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kulitazama daftari zima, siyo mstari mmoja. Kama ni mabega, mbona na miguu? Kama ni mkao wa dedilifti, mbona na benchi? Mistari minne haiwezi kukwama siku moja kwa sababu nne tofauti.

Jibu lilitoka kwenye mkoba wake. Alikuwa anatafuta funguo, akatoa kifuko cha nailoni chenye vipande vya udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni. Nikamuuliza tangu lini. Akacheka kwa aibu, akasema tangu mwezi wa tano anautamani sana, na barafu pia, anaitafuna kutoka kwenye friji. Nikamuuliza kuhusu siku zake. Zilikuwa zinachukua siku nane, na siku tatu za mwanzo alikuwa anabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili. Hakuwahi kuniambia. Na mimi, niliyejisifu kwa maswali ya wazi, sikuwahi kuliuliza hilo.

Kesho yake alikwenda kupima. Wingi wa damu: 8.9. Kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa upungufu wa damu, na kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa kiwango cha kati. Alikuwa ananyanyua kilo 60 mgongoni akiwa na damu isiyotosha kumpandisha ngazi za ofisini bila kuhema. Madini ya chuma ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba hewa ya oksijeni, na mwanamke huyapoteza kila mwezi. Anayetokwa na damu nyingi anapoteza kuliko anavyokula, na mwili unaanza kutamani vitu vya ajabu: udongo, barafu, mchele mbichi. Wengi tunaichukulia kuwa tabia tu au dalili ya mimba, kumbe mara nyingi mwili unaomba msaada. Udongo nao hauleti nafuu. Unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe na ukaleta minyoo.

Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma na akaanza kumtibu ule utokaji wa damu wenyewe. Alimwonya kwamba choo kitakuwa cheusi na kigumu, asiogope wala asiache dawa. Pia alimweleza jambo ambalo nimelibandika ukutani jimu: chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma cha maharage na mboga kisiingie mwilini. Isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo. Ndimu, chungwa au embe kwenye mlo vinasaidia kukiingiza. Kwa mtu wa masijala, ambaye chai ya saa nne huja pamoja na chapati maharage, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko kubeba kilo 60.

Hatukuacha mazoezi kabisa, kwa kibali cha daktari. Siku mbili kwa wiki, nusu ya kilo zake, na akihisi kizunguzungu anakaa chini. Kurasa za mwezi wa saba na wa nane zinasomeka kama za mtu anayeanza upya: 30, 30, 32.5. Ilimuuma. Siku moja aliandika, "Nimerudi darasa la kwanza." Nikamwambia misuli haijasahau, inasubiri hewa. Mwezi wa tisa damu ilikuwa 11.8, na kilo zikaanza kupanda haraka kuliko mara ya kwanza. Wa kumi ikawa 12.4. Daktari akasema vidonge viendelee miezi mitatu mingine ili kujaza akiba, maana damu ikisoma vizuri ghala bado liko tupu.

Nimebadilisha fomu yangu ya kupokea watu. Zamani iliuliza majeraha, presha na sukari. Sasa inauliza pia siku za hedhi ni ngapi na nzito kiasi gani, kama mkojo unapenya, kama mtu anatamani udongo au barafu, na mara ya mwisho kupima damu ilikuwa lini. Wanawake wawili kati ya waliokuja mwezi huu wamesema ndiyo kwenye swali la udongo. Wote wamekwenda kupima kabla hawajagusa baa.

Mtungi wa gesi aliubeba mwezi wa kumi, kutoka getini mpaka jikoni, akausimamisha bila kuuburuza. Alinitumia sauti kwenye simu, anahema na anacheka, mtoto anasikika nyuma anauliza mama umefanya nini.

Ijumaa iliyopita aliandika: kuchuchumaa 67.5, tano tano tano. Kusukuma juu 31. Dedilifti 90, tano. Kwenye ile nafasi nyembamba ya maneno, safari hii ameandika tarehe ya kurudi kupima damu.